Ushahidi wako ataupima nani? Swali la kwanza la uzamivu wa utamaduni na jamii

Mhariri,

Kurasa za elimu za magazeti huwahimiza wenye shahada ya umahiri waombe uzamivu katika programu za utamaduni na jamii, zile ambamo anthropolojia, sosholojia, historia, fasihi, masomo ya habari na hata sheria huwekwa chini ya paa moja. Himizo hilo hatulipingi. Tunachopinga ni sababu inayotolewa, kwamba huko mtu husoma apendacho bila kubanwa na taaluma yoyote. Sisi wawili tunasimamia tasnifu za aina hii, mmoja akitokea anthropolojia na mwenzake masomo ya habari, na tunasema ni kinyume kabisa. Mwanafunzi wa taaluma mseto hubanwa na taaluma mbili kwa mpigo. Asipoamua mapema ni ipi itakayopima ushahidi wake, watahini watamwamulia siku ya utetezi, na siku hiyo data zimeshakusanywa na fedha za kurudi uwandani zimekwisha.

Kila taaluma ina namna yake ya kuuliza: umejuaje? Mwanahistoria anataka waraka, tarehe yake, aliyeuandika na sababu ya kuhifadhiwa kwake. Mwanaanthropolojia anataka kujua ulikaa na watu muda gani, mlizungumza lugha gani, na ni lipi uliloliona likavunja dhana uliyokwenda nayo. Mtu wa fasihi hashtuki ukitumia sura nzima kwa kazi moja, mradi umeisoma kwa makini. Mwanasosholojia atauliza kwa nini hiyo na si nyingine mia. Wote wana haki. Tabu ni kwamba sura ile ile inaweza kusifiwa na mmoja na kurudishwa na mwingine, na mwanafunzi akadhani ameonewa.

Tuchukue mada ambayo huletwa sana: "Athari za mitandao ya kijamii kwa utamaduni wa maombolezo." Hapo hakuna swali. Neno "athari" linakudai uonyeshe hali ilivyokuwa kabla, na data za kabla huna. Mitandao ni mingi na kila mmoja una kanuni zake. Utamaduni wa maombolezo hauna mpaka. Ibane hivi: mtu akifariki na ukurasa wake ukabaki mtandaoni, nani katika familia hupata mamlaka ya kutangaza kifo na kufuta au kuruhusu rambirambi, na mamlaka hayo hugongana wapi na ya wale waliozoea kuongoza msiba? Sasa kuna watu, kuna tendo, kuna mvutano, na taaluma zinajileta zenyewe. Anthropolojia inakuja na mjadala wa zaidi ya karne: Robert Hertz alionyesha mwaka 1907 kwamba kwa jamii kifo hakimaliziki siku ya kufa bali huchukua muda na hatua, na mwaka 1909 Arnold van Gennep akazigawa ibada za mpito, yaani za kumvusha mtu kutoka hali moja ya maisha kwenda nyingine, katika kutengwa, kukaa katikati na kurudishwa. Mtu wa masomo ya habari atauliza ukurasa wa marehemu umekwama katika hatua ipi kati ya hizo, kisha atataka historia ya jukwaa lenyewe. Facebook ilianza kuzigeuza akaunti za marehemu kuwa za kumbukumbu mwaka 2009, na mwaka 2015 ikamruhusu mtumiaji kuteua atakayeisimamia akaunti akishafariki. Hapo mrithi wa ukurasa anaweza kuwa rafiki, wala si ndugu mkubwa. Sheria nayo ina la kusema, na wengi hulikosea: kanuni ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika 2018, haihusu data za waliokufa, nchi wanachama zimeachiwa zijiwekee taratibu.

Kuna kipimo chepesi cha kujua kama mada yako ni mseto kweli au imepakwa rangi tu. Iondoe taaluma moja, kisha uulize kama swali bado linajibika. Linajibika? Basi hiyo uliyoiondoa haikuhitajika, iache. Katika mfano wetu, ukiondoa sheria unabaki na tasnifu nzuri yenye aya chache za kisheria. Ukiondoa anthropolojia au masomo ya habari, hakuna tasnifu. Taaluma mbili zinatosha kwa mtu mmoja. Ya tatu iwe ya kuazima jambo mahususi kwa msaada wa mwenye nayo. Anayeandika kwamba atatumia tano hajafanya uchaguzi.

Baada ya hapo chora jedwali la ukurasa mmoja kabla hujaandika aya yoyote ya andiko la utafiti. Safu ya kwanza ni maswali madogo, yasizidi manne. Ya pili, ushahidi utakaojibu kila moja: mahojiano, kumbukumbu za ukurasa, kanuni za jukwaa zilivyobadilika, ushuhuda wa misiba yenyewe. Ya tatu, namna ya kuupata. Ya nne, taaluma itakayoupima. Ya tano ndiyo inayoachwa wazi mara nyingi: ni nini kikionekana, nitakubali kwamba nilikosea? Mwanafunzi anayeshindwa kuijaza safu ya tano tayari anajua jibu lake, na utafiti wake utakuwa wa kutafuta mifano ya kulipamba.

Kuazima dhana kuna adabu yake. Takriban kila andiko tunalolisoma lina "mtaji wa kitamaduni" wa mwanasosholojia Mfaransa Pierre Bourdieu, yaani elimu, ladha na mwenendo vinavyompa mtu nafasi katika jamii, na machache sana yanaonyesha kwamba mwandishi anajua dhana hiyo ilibeba mzigo gani ilikotoka. Bourdieu aliitumia kueleza jinsi shule na ladha zinavyosaidia matabaka ya Ufaransa kujirudia kizazi hadi kizazi, na kitabu chake cha 1979 juu ya ladha kilisimama juu ya dodoso la watu 1,217 la miaka ya 1960. Ukiichukua dhana hiyo kueleza kwa nini mjukuu ajuaye simu anapata sauti msibani, huna budi kusema nini kinachukua nafasi ya shule na nini kinachukua nafasi ya tabaka. Ikiwa huwezi, tumia lugha ya kawaida. Kwa kila dhana ya kuazima tunataka sentensi tatu: iliundwa kueleza nini, kwa ushahidi gani, na inapohamia kwako inapoteza nini. Dhana mbili zilizoshughulikiwa hivyo zinazidi kumi zilizotajwa.

Andiko lenyewe, kwa vyuo vingi vya Uingereza, huwa maneno 1,000 hadi 2,000. Katika 2,000, tunashauri 300 ziende kwenye swali na uzito wake, 500 kwenye mjadala uliopo, 800 kwenye ushahidi na mbinu, 200 kwenye ratiba, na zinazobaki kwenye maadili na vikwazo unavyoviona mbele. Maandiko yanayokataliwa mara nyingi yamegeuza uwiano huo: maneno 1,400 ya nani alisema nini, halafu mistari miwili kwamba "mbinu mseto zitatumika". Kamati inayosoma maandiko mengi kwa siku chache huenda moja kwa moja kwenye mbinu, kwa sababu hapo ndipo huonekana kama mtu ameshawahi kufikiria siku yake ya kwanza uwandani.

Barua pepe ya kwanza kwa msimamizi isizidi maneno 250. Anza na swali kwa sentensi moja, kisha ushahidi, kisha kwa nini yeye. Hapo taja kazi yake moja na useme unapotaka kuiendeleza au kuipinga. Kupinga kwa heshima kunavutia kuliko sifa. Eleza hali ya ufadhili wako, ambatisha muhtasari wa kurasa mbili na wasifu. Shauku ya tangu utotoni haina kazi hapo. Usipojibiwa kwa wiki tatu, kumbusha mara moja, kisha mtafute mwingine. Barua moja iliyotumwa kwa watu ishirini hujulikana, na walimu wa chuo kimoja huonyeshana.

Wasimamizi wawili ni wa lazima. Watatu ni wengi. Uharibifu tunaouona zaidi hutokea hapa, wala hausababishwi na ubaya wa mtu. Sura inakwenda kwa wa kwanza, inarudi na agizo: ongeza nadharia. Inaandikwa upya, inakwenda kwa wa pili, inarudi: punguza nadharia, tunataka kusikia watu. Mwanafunzi anaizungusha sura ile ile mara nne, mwaka unakatika, na kila msimamizi anaamini anamsaidia. Chanzo ni kwamba hakuna aliyeona maoni ya mwenzake. Tiba ni ya kiutawala, si ya kinadharia. Rasimu itumwe kwa wote siku moja. Maoni yaandikwe kwenye faili moja ambalo wote wanaliona. Mkutano wa watu watatu ufanyike angalau kila baada ya miezi miwili, hata kama kila msimamizi hukutana na mwanafunzi peke yake kila mwezi. Wakitofautiana, mwanafunzi asiachiwe kuamua kimya kimya: msimamizi mkuu aandike uamuzi kwa sentensi moja na sababu yake. Na baada ya kila kikao, ndani ya siku mbili, mwanafunzi awatumie wote nusu ukurasa: tumekubaliana nini, nani atafanya nini, lini. Msimamizi akihama chuo, akistaafu au akienda likizo ya utafiti, kurasa hizo ndizo zitakazomwonyesha atakayeshika nafasi yake kwamba mwelekeo ulishaidhinishwa.

Kabla ya kukubali nafasi, uliza bila kuona haya: una wanafunzi wangapi wa uzamivu sasa? Utakuwa likizo lini? Unarudisha sura baada ya siku ngapi? Waulize na wanafunzi wake, na hasa yule aliyeacha njiani.

Mifumo ya nchi inatofautiana kuliko matangazo yanavyoonyesha. Uingereza mtu huanza utafiti karibu moja kwa moja na hutarajiwa kumaliza kwa miaka mitatu hadi minne. Marekani kuna takriban miaka miwili ya kozi, kisha mitihani mikuu, kisha utafiti, na jumla mara nyingi hufika miaka mitano hadi saba. Kwa aliyesoma shahada ya kwanza na ya pili katika taaluma moja, miaka miwili ile ya kozi ni neema, kwa sababu ndipo atakapojifunza taaluma ya pili kwa utaratibu badala ya kuiokoteza. Sweden na Norway mtahiniwa kwa kawaida huajiriwa na kulipwa mshahara, na nafasi hutangazwa kama kazi. Ujerumani baadhi huwa waajiriwa, wengine hutegemea ufadhili, na kipo Giessen kituo kilichoanzishwa 2006 mahususi kwa uzamivu wa masomo ya utamaduni. Kuhusu ufadhili tuna neno moja tu: linganisha miaka ya ufadhili na miaka ambayo wanafunzi wa programu hiyo humaliza kwa kweli. Ufadhili wa miaka mitatu katika programu inayomalizwa kwa mitano una shimo la miaka miwili, na shimo hilo huangukia miaka ya kuandika.

Kibali cha maadili kisichukuliwe kama muhuri. Hesabu miezi miwili hadi mitatu kwa kamati ya chuo, na kama umesajiliwa nchi moja na unatafiti nyingine, kuna kibali cha pili cha nchi ya utafiti, ambacho mara nyingi kinadai barua kutoka taasisi ya huko. Maombi hurudishwa kwa mambo yale yale: fomu ya ridhaa yenye kurasa tano ambazo hakuna mfiwa atakayezisoma, kimya kuhusu rekodi zitahifadhiwa wapi na kufutwa lini, kimya kuhusu utafanya nini mhojiwa akianza kulia. Data za mtandaoni zina mtego wa ziada. Mtu akiandika rambirambi kwenye ukurasa ulio wazi, hilo si ruhusa ya kumnukuu. Hata ukilificha jina lake, sentensi yake ikinukuliwa neno kwa neno inaweza kusakwa kwenye intaneti na mwenyewe akapatikana kwa dakika moja. Kwa hiyo ama omba ridhaa, ama eleza maneno yake kwa namna nyingine na useme wazi kwenye sura ya mbinu kwamba umefanya hivyo. Chama cha kimataifa cha watafiti wa intaneti kimetoa miongozo ya maadili mwaka 2002, 2012 na 2019. Kamati nyingi zinaikubali, na kuitaja kunaonyesha hukubahatisha.

Sasa hesabu ya uwandani, ambayo wengi hawaifanyi. "Nitahoji watu wangapi?" Utafiti wa Guest, Bunce na Johnson uliochapishwa 2006 hutajwa sana: walichambua mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria, wakaona kwamba mada karibu zote zilikuwa zimejitokeza ndani ya 12 ya kwanza. Wanafunzi huishika 12 kama amri na kusahau sharti lake, kwamba wahojiwa walifanana na maswali yalikuwa yale yale. Ukiwa na makundi matatu yasiyofanana, tuseme wazee wanaoongoza misiba, vijana wanaosimamia kurasa na marafiki walio mbali, basi fikiria 12 kwa kila kundi, yaani 36. Kila mahojiano yakiwa ya saa moja na robo, una saa 45 za rekodi. Kugeuza saa moja ya rekodi kuwa maandishi kwa mkono huchukua saa nne hadi sita. Tukishika tano, ni saa 225; kwa saa nne kwa siku, maana baada ya hapo masikio huchoka na makosa huingia, ni siku 56 za kazi. Hizo ni karibu miezi mitatu ambayo haimo kwenye ratiba za wengi wao.

Programu za kugeuza sauti kuwa maandishi zinasaidia, lakini hudhoofika mno katika lugha zenye data chache na watu wanapochanganya lugha mbili katika sentensi moja, jambo ambalo wafiwa na wasio wafiwa hulifanya kila siku. Tena, kupakia rekodi kwenye seva za kampuni kunaweza kuwa ni kuvunja ahadi uliyoiandika kwenye fomu ya ridhaa. Andika kila mahojiano ndani ya wiki yaliyofanyika, ukingali unakumbuka nani alinyamaza wapi. Usitafsiri yote. Chambua katika lugha yaliyosemwa, kisha tafsiri dondoo utakazozitumia tu, ukiweka maneno ya asili kwenye tanbihi au kiambatisho. Uliza mapema kama chuo kinahesabu tanbihi na viambatisho ndani ya kikomo cha maneno; tofauti inaweza kufika maelfu.

Na daftari la uwandani liandikwe kila siku, hata siku ambayo hakuna lililotokea. Rekodi inashika maneno. Haishiki nani aliketi wapi, wala nani alinyang'anywa simu.

Kuhusu kumbukumbu: tumia programu ya kompyuta ya kutunza marejeo tangu siku ya kwanza (Zotero, iliyotoka 2006, haina malipo), na usiandike nukuu yoyote bila namba ya ukurasa. Kutafuta kurasa za nukuu mia mbili katika mwezi wa mwisho ni adhabu. Data ziwe na nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine. Rekodi za watu zifungwe kwa nywila.

Katika kuandika, kosa linalojirudia kwenye taaluma mseto ni sura ya pili. Mwanafunzi hupitia machapisho ya anthropolojia kurasa ishirini, ya habari kurasa ishirini, ya sheria kumi, na mito hiyo haikutani. Mtahini akimaliza anajua umesoma, hajui umeona nini. Panga sura hiyo kwa matatizo: nani ana haki ya kutangaza kifo, muda wa msiba unaanza na kwisha lini, nani anamiliki kumbukumbu. Chini ya kila tatizo zigombanishe taaluma zako, na onyesha mahali ambapo moja imeshindwa kuona kile ambacho nyingine inakiona. Mchango wako unatoka hapo. Kwa tasnifu ya maneno 80,000, ugawaji unaofanya kazi ni huu: utangulizi 7,000, mjadala 12,000, mbinu 10,000, sura tatu za ushahidi 14,000 kila moja, hitimisho 7,000. Zinabaki 2,000 za kupumulia, na utazihitaji. Sura ya mbinu iandikwe mara tu utokapo uwandani, kabla kumbukumbu haijaanza kupanga mambo yaonekane yalikwenda vizuri.

Katika jambo moja sisi wawili hatukubaliani. Mmoja wetu anapendelea tasnifu ya makala, yaani makala tatu au nne zilizotumwa kwa majarida pamoja na utangulizi wa kuziunganisha. Hoja yake ni kwamba wahakiki wa jarida la anthropolojia na wa jarida la habari watamwonya mwanafunzi mapema, kila mmoja kwa vigezo vya kwao. Mwingine anashikilia tasnifu ya kitabu kimoja, kwa sababu makala hugawanya tena kile ambacho mwanafunzi alijitesa kukiunganisha: kila jarida litamtaka azungumze lugha ya nyumbani kwake. Isitoshe uhakiki huchukua miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, na kalenda hiyo haiko mikononi mwa mwanafunzi. Anayechagua makala basi aitume ya kwanza ifikapo nusu ya programu, na alikwepe jarida linaloahidi kuchapisha kwa siku chache kwa malipo.

Watahini wafikiriwe tangu mwaka wa kwanza. Mwanafunzi kwa kawaida hawateui, ila msimamizi huwapendekeza, na mtu uliyeandika naye makala hatakubaliwa. Kwa hiyo usimalize wataalamu wote wa eneo lako kwa kushirikiana nao. Uingereza huwa wawili, wa ndani na wa nje, nyuma ya mlango uliofungwa, na matokeo ya kawaida ni kupita kwa masahihisho madogo ya miezi mitatu hivi au makubwa ya miezi sita au zaidi. Uholanzi tasnifu huwa imeshaidhinishwa na kamati kabla ya utetezi. Hadharani maswali huendelea hadi muda uliopangwa uishe, ndipo mshika siwa huingia na kutamka kwa Kilatini kwamba saa imefika, hata kama mtahiniwa yuko katikati ya sentensi. Sweden tasnifu huwa imechapwa kabla ya mjadala wa hadhara na mpinzani aliyeteuliwa. Aliyezoea kusikia kwamba "utarekebisha baada ya utetezi" ajue kuna nchi ambako hakuna baada. Kwa tasnifu mseto, omba watahini watoke katika taaluma zako mbili, na katika utangulizi waambie waziwazi: sura ya tatu ipimwe kwa vigezo hivi, ya tano kwa vile. Mtahini aliyeambiwa hivyo anaweza kukataa, lakini itambidi aeleze kwa nini.

Linabaki suala la kazi, na hapa kuna historia ya kuitazama. Kituo cha masomo ya utamaduni cha Chuo Kikuu cha Birmingham kilianzishwa na Richard Hoggart mwaka 1964, kikiwa chini ya idara ya Kiingereza, na chini ya Stuart Hall, aliyemrithi kukiongoza, kikawa chemchemi ya fani nzima. Mwaka 2001 idara iliyotokana nacho ilipata alama isiyoridhisha katika tathmini ya kitaifa ya utafiti, na mwaka 2002 chuo kikaifunga licha ya kelele za wanafunzi na wanataaluma wa kwingi. Sifa za kimataifa hazikuiokoa. Programu za mseto huishi kwa hisani ya vyuo vilivyogawanywa kwa idara, na nafasi za uhadhiri hutangazwa kwa majina ya idara hizo. Jopo la ajira litauliza: huyu atafundisha kozi ipi ya mwaka wa kwanza? Kwa hiyo mwanafunzi awe na taaluma moja anayoweza kuiita kwao, afundishe semina zake akiwa bado anasoma, ahudhurie mkutano wake mkuu walau mara mbili, na kabla ya kukabidhi tasnifu awe ameandaa mihtasari miwili ya kozi za wiki kumi na mbili: mmoja wa utangulizi wa taaluma hiyo, wa pili wa mada yake mseto, yote ikiwa na usomaji wa kila wiki na namna ya kuwapima wanafunzi. Jopo litauomba wa kwanza. Wa pili uwe nao mkobani.

Wasimamizi wawili wa tasnifu